Kilima Kilichoshinda Msafara

Jumamosi, Ngomeni

Miaka 11 sasa nimekula kwa mdomo wangu. Kazi yangu ni kutembeza wageni ndani ya Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale, na mtembeza wageni asiyekuwa na jawabu ni kama kinyozi asiyekuwa na wembe. Leo nimepata swali lililoninyoa mimi mwenyewe, tena kavu, bila maji.

Ni mwezi wa Mei, kusi limeshaanza kuvuma, wageni ni wa kuhesabu kwa vidole. Asubuhi kutwa nimepata mmoja tu, bibi wa Kiitaliano aliyekaa Malindi miaka mingi, Kiswahili chake cha vitabuni lakini kimenyooka kuliko changu. Tukapanda hadi juu kwenye ukuta unaotazama bara. Pale huwa nina hotuba yangu. Humwambia mgeni kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, na kwamba miaka mingi kabla ya hapo, 1519, Mhispania Martín Fernández de Enciso aliandika kuwa magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu mno, akauita Olympus ya Ethiopia. Hapo hunyoosha mkono kuelekea Changamwe kana kwamba mlima wenyewe uko nyuma ya matangi ya mafuta. Kisha hufunga kwa madaha: "Na jina lake Kilimanjaro, maana yake mlima unaong'aa."

Bibi akaniuliza pole pole, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mwenziwe. "Lakini kaka, kilima si mlima mdogo? Mtoto, kitoto. Mti, kijiti. Mlima, kilima. Mita 5,895 imekuwaje ikawa kilima?"

Nikacheka. Nikamwambia ni adabu, sisi watu wa pwani kitu kikubwa hukipunguza jina kisije kikakasirika. Wallahi sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka tu, yamevaa kanzu na kofia, kama kwamba nimeyasikia kwa babu.

Yeye akanitazama, akatabasamu, akanilipa kwa hadithi ya kwao. Kule Sicily kuna mlima wa moto, Etna, ambao wenyeji huuita pia Mongibello. *Mon* ni Kilatini, *mons*, mlima, neno lile lile lililopita kwa Wafaransa likawa *montagne* na likafika kwa Waingereza likawa *mountain*. *Gibello* ni *jabal*, mlima kwa Kiarabu, tangu enzi za Waarabu kutawala kisiwa kile. Wageni wawili wamepita, kila mmoja kauliza jina, kila mmoja kaacha lake. Mongibello ni Mlima Mlima.

Ameondoka akaniachia aibu na bahashishi nzuri. Wageni hawapo, wiki hii mikono mitupu. Nimeamua kulitafuta neno hili kwa miguu.

Jioni nimeanzia nilipozaliwa, barazani Kibokoni, kwa muuza kahawa. Ami yangu alikuwepo na wenziwe wanne wa siku zote. Nikalitupa swali katikati ya kashata. Mzee mmoja aliyekwenda hija akasema yeye kapanda Jabali la Rehema kule Arafa kwa miguu yake miwili, na lile ndilo mlima. Ami akamkatiza. "Hilo ni jabali kwa Waarabu. Kwetu sisi jabali ni jiwe kubwa lisilotikisika. Ukimwambia mtu wa Kuze 'nimepanda jabali', atakuuliza ulikuwa wavua pweza?"

Ana haki. Neno limevuka bahari likapungua. Kwa Waarabu *jabal* ni mlima mzima, ndio ule wa Jabal Tariq ambao Wazungu wameutafuna ukawa Gibraltar. Lilipotia nanga kwetu lilikuta mlima wa Kibantu umeshakaa kitako, likapewa kazi ya mwamba, na kazi ya sifa. Marijani Rajab wa Tanzania aliitwa Jabali la Muziki, na hakuna aliyedhani amefananishwa na kilima. Wareno nao, zaidi ya miaka mia wameikalia ngome hii, wametuachia meza, leso, bendera, kasha, mvinyo na gereza. *Monte* yao walirudi nayo.

Jambo lililonichekesha ni kuwa ubishi huu wote tuliufanya hatua chache kutoka Bondeni. Kisiwa kizima ni bapa kama chapati, lakini tuna mtaa unaoitwa Bondeni. Bonde bila mlima.

Jumapili, nyumbani

Mvua. Nimekaa ndani na kamusi mbili na simu.

Wanaisimu waliolinganisha lugha za Kibantu hujenga mzizi mmoja, -dima, wakasema huyo ndiye mama wa mlima na ndugu zake wengi. Ile *d* ya kale kwetu imekuwa *l*, kwa wengine imekuwa *r*, kwa wengine imemezwa kabisa. Mpwa wangu wa darasa la saba, aliyekuwa akinichungulia begani, akaniuliza kama basi mlima na mkulima ni kitu kimoja. Swali zuri kuliko la mtihani. Nimemwambia subiri.

Mbaazi za shangazi yake zilikuwa tamu leo kuliko kamusi.

Jumatatu, Likoni mpaka Mrima

Nimevuka na feri ya saa kumi na mbili na nusu. Upande wa Likoni, ukishashuka, kuna ule mwinuko wa zege ambao kila mtu wa Mombasa anaujua kwa magoti yake. Sijawahi kuufikiria kuwa ni kitu chenye jina. Leo nimesimama pembeni nikatazama.

Mkokoteni ulishuka umepakiwa gunia saba za viazi, zile zilizofungwa shingo ndefu kwa kamba ya nailoni. Mwenyewe yuko mbele kati ya mikono ya mbao, kifua kimelala juu ya ubao, miguuni viatu vya tairi. Akapaza sauti bila kugeuka: "Mlima! Mlima!" Vijana watatu wakatoka walikokuwa wakaegemea mabega nyuma. Hawakusukuma kwa mikono. Walisukuma kwa migongo, wamegeuka wakitazama baharini, visigino vikichimba kwenye mifereji ya zege. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Kila baada ya hatua nne au tano alilitupia nyuma ya gurudumu, wakapumua, akaliokota, wakaendelea. Hamali hakusema neno mpaka gurudumu likakaa sawa juu. Hapo akatoa noti iliyolowa jasho.

Nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini anauita mlima. Akanitazama kama bibi wa Kiitaliano alivyonitazama Jumamosi.

"Wewe wauitaje?"

"Mteremko."

"Mteremko ni kwa anayeshuka, kaka. Mimi napanda. Mlima huu ni mbao," yaani shilingi 20 kwa kila msukumaji. "Leo nina milima mitatu."

Sijui kama kuna kamusi inayosema mlima ni kipimo cha kazi, lakini pale Likoni ni kipimo. Urefu wa kitu hauhusiki. Kinachohusika ni mzigo uko mgongoni au haupo. Ukienda na madereva wa malori utasikia yale yale: mlima ni pale unaposhusha gia. Na leo nimegundua nami husema "tuktuk haipandi mlima huu" nikimaanisha kijinuko ambacho kuku akikipanda hahemi.

Kutoka Likoni nikachukua matatu ya kusini. Pale Kombani barabara ya Kwale inakatika kulia kupanda Shimba, kwenye msitu wa swala aina ya palahala na chemchemi za Marere, na kwa muda nilitamani kushuka. Lakini mimi nilikuwa nafuata jina, si mandhari. Nilishukia mbele sana, nikaacha lami, nikapanda bodaboda kwenye udongo mwekundu mpaka nguo zikawa za kuchovya. Kuna kilima huko Kwale chenye msitu juu, zaidi kidogo ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na jina lake kwenye ramani ya serikali ni Mrima Hill.

Watu wengi wamekisikia kwa sababu ya madini. Mwaka 2013 kampuni moja ya kigeni ilitangaza kuwa ndani yake mna niobiamu na madini adimu ya mabilioni ya dola, na mwaka huo huo serikali ikafuta leseni. Mabishano yakaenda mahakamani, magazeti yakaandika, na msitu ukabaki umesimama. Ndani yake mna kaya ya Wadigo, mahali pa ibada na makaburi, na mtu haingii kama anaingia sokoni.

Sikuingia. Nilikaa chini ya mwembe na mzee mmoja wa Kidigo aliyekuwa akisuka kamba ya ukindu, nikamwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda. Nikamuuliza Mrima maana yake nini.

"Murima ni murima," akasema. Akaelekeza kidevu kwenye kilima. "Ndio ule."

"Yaani mlima tu?"

"Wewe nyumbani kwako wapaitaje? Nyumba, au?"

Basi. Mzungu aliyechora ramani alisimama hapa, akauliza ule ni nini, akajibiwa ni mlima, akaandika *Mrima*, halafu akaongeza *Hill* ili wenziwe waelewe. Mlima Mlima. Mongibello ya Kwale. Nilicheka peke yangu mpaka mzee akasita kusuka.

Lakini Mrima ina mkia mrefu. Ukitoka hapo kwenda kusini, ukavuka Vanga, ukanda wote wa bara unaotazamana na Unguja umeitwa Mrima kwa karne nyingi. Bagamoyo ni Mrima, Pangani ni Mrima, watu wake Wamrima, lugha yao Kimrima. Pwani ile haina milima ya kutisha. Wapo wasemao kwamba ni neno lile lile moja, na mimi baada ya leo nipo nao. Jiweke ndani ya jahazi. Umekuwa majini tangu usiku, kila upande ni tambarare ya buluu. Alfajiri kinatokea kitu kimeinuka, chembamba, cheusi, juu ya maji. Si kirefu. Lakini ndicho pekee kilichoinuka. Utakiitaje?

Nimerudi na feri ya saa tatu usiku, nikaupanda mlima wa upande wa kisiwani bila mzigo, nikahema vile vile.

Jumanne

Mvua kutwa. Bomba limekauka siku ya tatu, nimenunua mitungi minne kwa mkokoteni. Maji ya Mombasa mengi hutoka mbali: Marere kule Shimba, na Mzima kule Tsavo, ambako tangu miaka ya 1950 tumefungiwa bomba la kunywa mvua inayonyeshea vilima vya Chyulu na kupenya ndani ya majivu yake ya volkano. Kisiwa kisicho na mlima kinakunywa mlima. Mpwa wangu amelipenda hilo akaliandika kwenye daftari, sijui la somo gani.

Jumatano, Mazeras na Rabai

Matatu ya Mazeras inaondoka kisiwani tambarare, inapita Makupa, inapita Changamwe, na baada ya Miritini unaanza kusikia injini inabadilisha sauti. Malori ya makontena yamepanga foleni yanapanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi, taa zinawaka mchana. Hapa ndipo bara linapoanza kuinuka, na nadhani kwa watu wa kisiwani hii ndiyo mrima yetu ya kwanza.

Pale Mazeras nimeingia kibandani kunywa chai ya maziwa. Mezani alikuwapo utingo wa lori, Mkamba wa Machakos, akila sambusa. Nikamuuliza kwao mlima ni nini. "Kiima," akasema. Nikadhani kasema kima, nikamtazama sambusa yake. Alicheka mpaka chai ikampalia. Kwa mtu wa Mombasa kima ni nyama ya kusaga, au ni nyani mdogo mwenye mkia mrefu. Kwao ni mlima. Kuna mahali panaitwa Kiima Kimwe, kilima kimoja. Akanifundisha bure kitu ambacho kamusi zangu zilikizungukia: sisi twasema kulima, Wakikuyu husema kurima, wao husema kuima. Sisi kilima, Wakikuyu kirima, wao kiima. Ile *l* yetu wameila.

Nami nikamuuliza swali la bibi. Hiyo *ki* ya mwanzo, ni ya kudogosha?

"Kudogosha nini?"

"Yaani kiima ni mlima mdogo?"

"Kiima ni mlima. Hata ule wa Kenya ni kiima."

Chai yangu ikapoa hapo. Miaka 11 nimekuwa nikiupima mlima wa watu kwa sarufi ya Mji wa Kale. Kwetu *ki* hufanya kitu kiwe kidogo: kijiji, kijito, kilima. Bara, *ki* ile ni kiti tu ambacho neno limekalia. Msafara wa Waswahili ulipofika kwa watu hao, ukauliza ule mweupe ni nini, ukajibiwa kwa neno linalofanana na letu lakini lisilo na udogo wowote. Wakalibeba lilivyo. Krapf mwenyewe, yule mmisionari wa zamani wa Rabai, aliposikia habari za Mlima Kenya kwa Wakamba aliandika *Kima ja Kegnia*. Hiyo *kima* ya Krapf ndiyo kiima ya utingo wangu, mwenye mafuta ya sambusa kidoleni.

Sikudai kuwa hilo limemaliza kazi. Ila ni jawabu la kwanza ambalo sikulitunga mimi.

Nikapanda bodaboda mpaka Rabai. Kanisa la zamani la wamisionari sasa ni makumbusho, na nje miembe mikubwa inaangusha maua. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe Rosine akafa kwa homa, na kaburi lake liko ng'ambo ya bandari ya kale, Mkomani, ambako nimepeleka wageni mara nyingi nikiwa na haraka ya kwenda kula. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia huku juu Rabai kwa ajili ya hewa. Hapa ndipo Rebmann alipotoka mwaka 1848 na watu wachache kwenda Uchaga, kiongozi wa safari akiwa Mswahili, Bwana Kheri.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu habari yenyewe ni ya neno. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona juu ya mlima kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini. Bwana Kheri akajibu: baridi. Hakuwa na neno jingine. Theluji tunayoiandika leo ni ya Waarabu, *thalj*, na mtu wa Mrima hakuwa na haja nayo. Akataja kile alichokijua kwa ngozi yake. Rebmann akaelewa papo hapo. Huko London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga huku, akashikilia miaka mingi kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Bwana Kheri hakuulizwa.

Krapf ndiye aliyeandika maana ya jina: alisema watu wa pwani huliona kuwa mlima wa ukubwa, na kwamba huenda pia ni mlima wa misafara, *jaro* ikiwa ni msafara. "Unaong'aa" yangu sijui niliiokota wapi. Wengine nao huisema, lakini Krapf, aliyekaa na watu wenyewe na kamusi yake ikachapwa 1882 yeye akiwa ameshafariki, hakuanza nayo.

Nje ya makumbusho nilimkuta mzee wa Kirabai akipalilia mihogo kwenye mteremko mkali hata jembe lilikuwa likipiga karibu na goti lake. Nikamletea swali la mpwa wangu. Hakusita. "Murima ni kwa sababu hurimwa. Wazee walirima juu, kayani, kwa kuogopa maadui. Chini ni kwa mbuzi."

Jawabu tamu. Na mbele yangu ushahidi ulikuwa unatoka jasho. Hata hivyo sikuliamini, ingawa sikumbisha. Kitenzi chetu kikizaa kitu, mara nyingi kitu hicho huishia kwa *o*: kucheza mchezo, kwenda mwendo, kulima kilimo. Mlima huishia kwa *a* na umekaa kwenye ngeli moja na mti, mto, moto, mwezi, mwamba, vitu vilivyokuwapo kabla ya jembe. Anayetaka kitu cha kulima kweli atazame juu usiku: kilimia, zile nyota sita saba zilizosongamana. Hicho kimetoka kwenye jembe, ndio maana wazee husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilima na kilimia ni majirani wa sauti tu. Mpwa wangu atanuna.

Alhamisi, Voi

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni, kutoka Miritini. Kama kilomita 150. Tembo wekundu wawili, soda ya moto. Nimelala Voi chini ya mlima Sagalla, chumba cha bei nafuu chenye kunguni wenye bidii.

Ijumaa, njia ya Taveta

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri. Matatu ina redio, na redio ina wanasiasa. "Mlima umesema." "Mlima haujaamua." "Mlima hauwezi kutishwa." Nilihesabu mpaka tisa nikaacha. Katika siasa za Kenya ukisema Mlima, husemi mawe; wasema wapiga kura wanaoishi kuuzunguka Mlima Kenya, mita 5,199 za kura. Neno limepanda cheo tena: sasa lina hasira, lina msimamo, lina wajumbe. Abiria mmoja Mtaita akanung'unika kuwa wao pia wana milima, Vuria ina zaidi ya mita 2,200, lakini hakuna redio inayouliza Vuria imesemaje.

Tulipopita Maktau kondakta akagonga bati. "Mwenye simu ya picha, ndio huo!"

Nilikuwa upande mbaya wa gari. Nikasimama, nikamkanyaga mama wa watu, nikainama dirishani mwake. Chini hakukuwa na kitu. Ukungu wa kijivu, nyika. Nikatafuta kwenye upeo wa macho, pale ambapo kitu kilichoinuka hukaa. Hakipo. Mama akanishika kidevu kwa vidole viwili, kama mtoto, akakiinua. "Juu, baba. Tazama juu."

Ulikuwa juu ya mahali nilipodhani mbingu imeshaanza. Bapa, mweupe, hauna miguu. Umekaa kama dakika nne hivi, kisha mawingu yakaujia kwa chini na kwa juu, kama mtu anayefumba buibui. Nilikuwa nimeshika simu mkononi na sikupiga picha.

Hapo nikakumbuka hadithi yangu nyingine ya ngomeni, kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima huu na ndiyo sababu mpaka umepinda. Wageni huipenda. Si kweli. Wazungu waligawana 1886, mstari ukapindwa Wajerumani wapate mlima, na Waingereza wakabaki na Mombasa. Yaani mji wangu ulikuwa upande wa pili wa mizani. Hiyo ni hadithi nzuri kuliko ile ya uongo na nimeikalia miaka yote hii.

Taveta kuna soko, na wachuuzi huvuka kutoka Tanzania. Nikamtafuta Mchaga, nikampata mama mnene mwenye sauti ya upole aliyepanga mikungu ya ndizi juu ya maturubai, akiwafunza wateja zipi za mtori na zipi za kuchoma. Nikanunua mkungu mdogo ili nipate haki ya kuuliza.

"Mama, huu mlima, kwenu jina lake nini?"

"Upi? Ule ni Kibo. Ule wenye meno ni Mawenzi."

"Na yote pamoja?"

"Pamoja ya nini?" Akamrudishia mteja chenji. "Ukikaa chini yake huuoni wote. Unaona Kibo, au unaona Mawenzi, au unaona mawingu. Kilimanjaro ni nyie mliokuwa mnapita."

Nikamtajia maneno ambayo wengine husema yalitoka Uchagani, *kilema kyaro*, kile kilichoshinda msafara. Akayarudia mdomoni mara mbili, akayaonja, akatikisa kichwa upande upande, si ndiyo si siyo. "Kilema ni kwetu, kuna mahali panaitwa hivyo," akasema. Ni kweli, huko Kilema ndiko Rebmann alikofikia. "Lakini jina lenyewe lilitoka pwani. Wewe si wa pwani?"

"Wa Mombasa."

"Basi mimi ndiye nikuulize. Maana yake nini?"

Wateja wawili wakageuka kunisikiliza. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, na mtoto amebeba sinia la karanga. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia aniongezee na ule mkungu wa pili, ule mkubwa.